Makoto si Mchawi

Katika Kiswahili, neno 'mchawi' halina upande mwema. Mchawi huroga, hudhuru, hutengwa na aghalabu hufukuzwa kijijini. Ndiyo maana atakaye kuueleza kwa Kiswahili mfululizo wa katuni za Kijapani uitwao Flying Witch hukwama kabla hajaimaliza anwani.

Mfululizo huo wa sehemu 12, ulioonyeshwa mwaka 2016, ulitokana na hadithi za picha za Chihiro Ishizuka. Makoto, binti wa miaka 15, anahamia kwa jamaa zake huko Hirosaki, mji wa matufaha ulio karibu na Mlima Iwaki, kaskazini mwa Japani. Anakwenda shule, analima bustani, anachuma machipukizi ya porini na kuyakaanga. Ufagio wa kurukia anaununua dukani kama mtu yeyote. Siku moja anang'oa mzizi unaopiga mayowe, akamtunuku rafiki yake. Rafiki anashtuka, anaikataa zawadi, na maisha yanaendelea. Wapo wanaolalamika kwamba hakuna kinachotokea. Lakini mkazi wa Nkubu au Runyenjes, aliyelelewa miteremkoni pa Mlima Kenya baina ya mashamba ya chai na kahawa, anaujua vyema mwendo huo wa siku.

Tena anaijua ajabu ya namna hiyo. Watoto wengi wa Meru na Embu wamesimuliwa kwamba auzungukaye mgumo mara saba hubadilika jinsia. (Walioacha kuhesabu walipofika sita ni wengi kuliko wanaokiri.) Huko Mbeere, kilima cha Kiang'ombe husemekana kuwa makao ya watu wafupi wa ajabu, na bado watu huchunga mbuzi na kutafuta kuni kando yake. Masimulizi haya hayatishi sana wala hayaonyi sana. Yamo tu katika shughuli za siku. Riwaya ya Kiswahili, kwa upande wake, huiita ajabu inapokuwa na kesi ya kusikiliza. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mfu anarudi kumsuta mjukuu wake. Kazi hiyo ni nzito na inastahili sifa zake. Hata hivyo, mtunzi chipukizi anayedhani kwamba mzuka hauna ruhusa ya kuja ila kwa siasa amejifungia mlango mmoja mkubwa.

Ipo hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mwezi Mei 2008, huko Kisii, watu 11 walioshukiwa kuwa wachawi waliteketezwa kwa moto. Je, si dhihaka kuandika hadithi tulivu za ufagio mahali ambapo tuhuma huua? Ingekuwa dhihaka kama utulivu huo ungeficha hofu. Flying Witch haifichi: Makoto anaaswa asijitangaze, naye anasahau kila mara. Kinachotofautiana ni majirani. Wanapoona wasichokielewa wanauliza, na jamaa yake mdogo, Chinatsu, anaomba afundishwe. Hadithi ya Kiswahili inayompa jirani nafasi ya kuuliza kabla ya kupiga kelele bado ni adimu.

Tatizo la jina, basi, si dogo. Kimeru hutenga 'mugaa' na 'murogi'. Kiembu nacho kina 'mundu mugo' mbali na 'murogi'. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliwaleta mganga na mrogi chini ya kichwa kimoja, na kamusi za shuleni hazijasaidia sana kuwatenganisha katika fikira za wanafunzi. 'Mganga' hamfai Makoto, kwani hatibu wala hapokei malipo ya tiba. 'Mwanamazingaombwe' ni mtu wa kiinimacho, ilhali yeye anaruka kweli. Yamkini 'mugaa' lingeweza kuazimwa na kupanuliwa maana, jinsi Kiswahili kilivyoazima kwingineko. Hadi hapo, mfasiri atakayeandika 'mchawi' chini ya picha atakuwa amemshtaki binti wa miaka 15 aliyetoka dukani na ufagio wake.