Chungeni midomo kando ya kitanda

Mwandishi, makala yako kuhusu wagonjwa walio kwenye koma imeiruka malaria. Huku Rusizi, Rwanda, hasa bonde la Bugarama lenye mashamba ya mpunga, koma tunayoijua ni ile ya malaria iliyopanda kichwani. Mtoto anapata degedege, anazimika, dripu inaning'inia, na nimewasikia wageni wakijadili bei ya jeneza juu ya kichwa chake. Inaniuma sana.

Mgonjwa asiyeitikia huenda anasikia. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimpiga picha za ubongo mwanamke ambaye tangu ajali ya gari hakuwa akijibu lolote. Wakamwambia awaze anacheza tenisi. Ubongo wake ukafanya kazi kama wa mtu mwenye afya. Utafiti wa 2024 uliopima wagonjwa 241 wasioitikia ulikuta takriban 1 kati ya 4 anafuata maagizo kimyakimya. Kweli, koma nzito ni jambo jingine, na wengi wakiamka hawakumbuki kitu. Lakini wewe uliyesimama pale utajuaje?

Basi shangazi, baba mdogo, ukifika taja jina lako, mwambie kama ni asubuhi au jioni, mtahadharishe kabla ya sindano. Ya mazishi kazungumzieni nje ya geti.