Weka wait kwanza, kompyuta utailaumu baadaye

Vijana wenzangu wa Gisozi, gemu ikiganda tunakimbilia kusema kompyuta ni ya zamani. Mimi nakataa. Kwenye skripti za GTA San Andreas, kitanzi, yaani amri zinazojirudia, kikikosa wait kinashikilia gemu nzima: picha imesimama, kibodi haijibu. Wait 0 inaiachia gemu nafasi ichore picha inayofuata, halafu skripti inaendelea. Wait 1000 ni sekunde moja. Wengine wanaifuta eti gemu ikimbie, ndiyo kuiua. Mtu anayeanza akiona imeganda, anajiona hana kichwa cha kompyuta, anaacha kabisa. Tusimpoteze mtu kwa mstari mmoja. Ukimfundisha mdogo wako, anzia hapo: kila kitanzi kipate pumziko lake.