Mboga Zetu na Kifusi cha Bati: Wito kwa Wana-Murongo

Ndugu zangu wa Murongo na Kyerwa yote, bati limechimbwa katika vilima vyetu tangu enzi za ukoloni, na hadi leo linalipa ada za watoto na kuezeka nyumba. Siombi mtu aweke sururu chini. Ombi langu linahusu bustani iliyo ubavuni mwa shimo la machimbo, na ile inayomwagiliwa maji yaliyokwisha kuosha mchanga wa bati.

Bati lenyewe halina madhara makubwa kwa mlaji. Tatizo ni yale linalokaa nayo mwambani: mara nyingi aseniki, pengine risasi na kadimiamu. Jiwe likiwa zima, sumu hizo zimefungwa. Tukilivunja na kulisaga, hewa na mvua huzifungua, zikateremka hadi bondeni tunakolima.

Mizizi huzipokea kwa sababu aseniki inafanana mno na fosfeti, chakula ambacho mmea unakihitaji, hivyo huingia kwa njia ile ile. Kadimiamu nayo hupitia njia za zinki na chuma. Mmea hujitetea: hutengeneza vijiprotini vyenye salfa, vikaikamata sumu na kuifungia ndani ya seli. Risasi nyingi huishia mizizini, ila kadimiamu hupanda hadi majanini. Mmea ukizidiwa hudumaa na kugeuka njano, lakini kabla ya hapo unaweza kunawiri, majani mabichi na laini, huku umebeba sumu ya kumdhuru mtoto. Hilo ndilo linaloniumiza. Mama hawezi kulibaini kwa macho pale sokoni, kwani kinga ile inaulinda mmea, haimlindi anayeula.

Wenzetu wa Dar es Salaam walishapima. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi. Risasi na kadimiamu zilikuwamo. Huko chanzo ni taka za mji. Kwetu mashimo yanatosha kutufanya tupime.

Basi mchicha, matembele na majani ya maboga tuyapande mbali na kifusi, upande wa juu wa mteremko. Juu ya kifusi tuoteshe miti isiyoliwa. Viazi tuvioshe vizuri na kuvimenya. Maji ya kuoshea bati yachimbiwe shimo la kutuamia, yasiachwe yakimbilie Mto Kagera. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa mto, zisifanyiwe shughuli zinazouharibu.

Na katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, tafadhalini, mmoja wenu asimame aombe ajenda hii. Afisa ugani achukue udongo wa bustani za karibu na machimbo, aulizie kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku kuhusu vipimo. Mboga zenyewe zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wenye leseni za uchimbaji wachangie gharama, na majibu yasomwe hadharani, kitongoji kwa kitongoji.