Amana Ndani ya Giaboksi

Juzi nilikuwa Kawangware 46, Nairobi, na gari kuukuu la shemeji yangu, Land Cruiser ya oto. Injini yanguruma, gari haliendi. Fundi akaifungua giaboksi mbele yetu: mafuta meusi, yananuka kuungua, pleti za klachi zimelika. Angeweza kumwaga mafuta tu, akalipwa ujira wa kuzibadilisha zote, nani angejua? Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji. Giaboksi nayo ni rundo lililofunikwa. Fundi alitukabidhi pleti kuukuu, tukazihesabu pamoja na mpya. Wazazi, mtoto apelekwaye gereji atangulizwe kufunzwa hilo. Wabillahi tawfiq.