Nyota wa Lituhi: Abaki, Auzwe au Aondoke Bure?

KIJIWENI Lituhi siku hizi stori si dagaa wala nauli ya kwenda Songea. Stori ni dogo mmoja wa miaka 17, jina kapuni, anayekipiga winga ya kushoto kwenye timu ya mtaa. Mabeki wa ng'ambo ya Mto Ruhuhu, kule Manda, wakisikia anacheza wanaanza kuuliza nani atamkaba kabla hata ya kuuliza mechi ni saa ngapi.

Sasa kuna jamaa katokea Songea. Kakaa nyuma ya goli dakika zote tisini, hakushangilia, hakununua hata karanga. Mechi ilipoisha akamvuta pembeni mjomba wa dogo. Mjomba akarudi na soda mkononi na tabasamu ambalo halijamtoka mpaka leo.

Kuanzia hapo kamati imegawanyika vipande viwili. Mwenyekiti anasema dogo haendi popote mpaka kombe la ng'ombe liishe, kwa sababu bila yeye huyo ng'ombe ataliwa Manda. Kocha, ambaye hana mshahara ila ana filimbi, anasema aachiwe aende, nafasi haiji mara mbili. Juzi ikafika pabaya.

"Mjomba, huyu mtoto tumemlea sisi," mwenyekiti akasema. "Viatu alivyovaa ni vyetu."

"Viatu chukueni, mzee wangu," mjomba akajibu. "Miguu ni ya dada yangu."

Jibu tamu, kijiwe kizima kilicheka. Lakini kwenye huo mzozo wote hakuna aliyeuliza swali la maana: dogo ana karatasi gani? Hana. Hana mkataba, hana leseni ya mchezaji, jina lake halipo kwenye usajili wowote unaotambuliwa na TFF. Yaani wanabishana kama wamuuze au wambakize mtu ambaye, kwa mujibu wa makaratasi, si mchezaji wao. Yule jamaa wa Songea akiamua kumbeba Jumatatu asubuhi kwa bodaboda, timu itabaki na chupa ya soda.

Na wasijione wameachwa peke yao, hata wakubwa wanalizwa hivyohivyo. Wadau wanakumbuka majira ya usajili ya mwaka 2024. Clatous Chama, mtu ambaye Simba ilishawahi kumuuza RS Berkane ya Morocco mwaka 2021 na kumrudisha Januari 2022, alifika mwisho wa mkataba wake Msimbazi. Julai hiyo akavuka zake kwenda Jangwani akiwa mchezaji huru. Mara ya kwanza aliondoka kwa kuuzwa, mara ya pili akaenda kwa jirani bila ada ya uhamisho. Majira yaleyale, Yanga nao walikuwa na Stephane Aziz Ki ambaye mkataba wake ulikuwa umefika ukingoni, tena akiwa ametoka kuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Wakamwongezea mkataba. Mei 2025 wakamuuza Wydad Casablanca.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Wanadhani kuongeza mkataba ni kumbakiza na kuuza ni kumfukuza. Klabu inaongeza mkataba ili siku mnunuzi akija awepo mtu wa kukaa naye mezani. Zikibaki chini ya miezi sita, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini kwingine kwa ajili ya msimu ujao, na klabu yake inabaki inatazama tu.

Wamarekani nao walilionja. Kwenye besiboli, Shohei Ohtani, mrushaji ambaye pia ni mpigaji hatari, alikuwa Los Angeles Angels mwaka 2023 huku mkataba ukiisha mwisho wa msimu huohuo. Dirisha la uhamisho likapita, Angels wakakataa kumtoa wakiamini watafika mtoano. Hawakufika. Desemba akasaini Dodgers mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700, na Angels wakaambulia nafasi moja ya ziada ya kuchagua chipukizi. Kombe la ng'ombe la mwenyekiti wa Lituhi ni hilohilo, tofauti ni kwato.

Ila mkataba wenyewe nao hauna gundi ya moyo. Muulizeni aliyefuatilia sakata la Feisal Salum. Desemba 2022 Fei Toto aliiaga Yanga na kuingiza Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu ili avunje mkataba. TFF ikaamua bado ni mali ya Yanga. Sawa, Yanga walishinda kwenye karatasi, lakini dogo hakuivaa tena jezi yao. Miezi ikapita, Yanga wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika yeye akiwa nje, mpaka Juni 2023 akauzwa Azam. Msimu uliofuata akafunga mabao 19 kwenye ligi, na Yanga wakabeba ubingwa wao kama kawaida. Kila mtu akaendelea na maisha yake. Ile miezi ya kuvutana ndiyo ilikuwa hasara tupu.

Kwa hiyo dogo wa Lituhi aende. Mwenyekiti hana mshahara wa kumlipa, hana daktari, na uwanja una mashimo. Siku akivunjika goti kwenye ndondo hakuna bima, kuna majani ya kuchua tu. Lakini aende baada ya kuandikishwa, si kabla. Timu isajiliwe kupitia chama cha soka cha wilaya, dogo apate leseni kwa jina la timu, na Songea wakimtaka waandikiane: timu ya mtaani ipate kitu akiuzwa tena huko mbele.

Maana kuna pesa watu wa kando ya ziwa hawajui kama ipo. FIFA ina mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Misimu minne ya kwanza kila mmoja ni asilimia 0.25 ya ada, inayofuata ni 0.5. Tuseme dogo anauzwa nje siku moja kwa Sh1 bilioni. Timu iliyokuwa naye kwenye usajili tangu miaka 12 hadi 17 ingevuna Sh20 milioni. Lituhi wao wakiandika leo, watahesabiwa kuanzia leo tu. Ile miaka ya viatu vya kuazima ndiyo basi tena, haimo popote.

Na mjomba naye asijipe matumaini. Inasemekana kaomba "asilimia zake" kwa yule jamaa. Haipo hiyo. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa pembeni kumiliki kipande cha thamani ya mchezaji, awe tajiri wa Ulaya au mjomba wa Ruvuma. Kingine: dogo yuko chini ya miaka 18, hivyo mkataba wake hauwezi kuzidi miaka mitatu. Akiletewa wa miaka mitano, huyo aliyeuleta atafutiwe bodaboda ya kumrudisha. Na wa kukaa naye wakati wa kusaini ni mama yake mzazi, ambaye katika vikao vyote hivi hajaitwa hata kimoja.

Dogo mwenyewe pia hajaulizwa. Anaonekana ufukweni jioni akisaidia kukunja nyavu, watu wanampigia makofi, anacheka. Jamaa wa Songea kasema anarudi mwisho wa mwezi. Mpaka jana mwenyekiti alikuwa hajaenda wilayani kuuliza usajili unaanzia wapi, anasema yuko bize na kamati ya ng'ombe.