Mila za Wahindi na Wajapani, na Kanga za Mama Zetu



Katika mji wetu wa Dodoma, na katika vijiji vilivyofikiwa na umeme, watoto hutazama filamu za Kihindi na katuni za Kijapani. Humwona mtoto wa Kihindi akigusa miguu ya babu yake, na mtoto wa Kijapani akiinama kumwamkia mwalimu wake, kisha huja chuoni wakatuuliza: "Maalim, mbona watu hawa wafanana, na nchi zao ziko mbali?" Wazazi wengine huwajibu kwamba yote hayo ni ukafiri, na wengine hawajibu neno. Majibu yote mawili hayamfai mtoto. La kwanza humfundisha kudharau asilolijua, na la pili humwacha achukue kila alionalo. Yafaa tumweleze.

Mila za mataifa hufanana kwa njia mbili: ama watu wamefundishana, ama haja zao ni moja.

Tuanze na kufundishana. Dini ya Buddha ilizaliwa India, ikapita China na Korea, ikafika Japani katika karne ya 6 ya Miladi. Wanavyuoni wake walisoma Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na kwa elimu hiyo sauti za Kijapani zikapangwa: a, i, u, e, o, kisha ka, ki, ku, ke, ko. Kwa mpango huo mtoto wa Kijapani husoma hata leo. Jambo hili si geni kwetu, kwani Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya herufi za Kizungu. Dini ilikuja na chuo, na chuo kikaja na kalamu.

Biashara nayo ni mwalimu. Katika karne za 16 na 17, merikebu za Wareno na Waholanzi zilipeleka Japani nguo za pamba za India zenye maua ya chapa. Wajapani wakaziita sarasa, wakajifunza kuzitengeneza wenyewe. Nguo za India zilifika pwani yetu pia, na lile pambo tuliitalo korosho asili yake ni huko. Kanga zilipoenea Zanzibar na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, wenye maduka wa Kihindi, na wengi wao Waislamu kama sisi, ndio walioziagiza. Mmoja wao ni Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887. Yeye ndiye atajwaye sana katika habari za kutia methali kwenye kanga.

Mwaka 1910 reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Dodoma, na maduka yakaifuata. Na kabla ya Vita Kuu ya Pili, na tena katika miaka ya 1950 na 1960, kanga nyingi zilipigwa chapa Japani kwa maagizo ya wenye maduka hao. Basi mama wa Kigogo au wa Kirangi aliyenunua doti ya kanga miaka ile aliweza kuvaa methali ya Kiswahili, pambo la Kihindi na kazi ya Mjapani, wala hakuacha kuwa Mgogo au Mrangi, wala Uislamu wake haukupungua.

Ama njia ya pili, haja moja huzaa desturi moja bila ya mtu kumfundisha mwenziwe. Mjapani huvua viatu mlangoni kwa kuwa hukaa juu ya jamvi. Mhindi huvua, na sisi twavua kwa ajili ya mkeka. Mjapani hufunga mzigo wake kwa kitambaa kiitwacho furoshiki, na mama zetu hufunga mzigo kwa kanga. Mhindi hugusa miguu ya mkubwa wake. Nasi twasema shikamoo, neno ambalo wajuzi wa lugha hulieleza kuwa ni "nashika miguu yako". Afanyalo yule kwa mkono, twalifanya sisi kwa ulimi. Hatumwinamii kiumbe kwa rukuu, lakini heshima iliyomo katika salamu zao tunayo sisi pia.

Hata hivyo, katika kufanana huku mna mpaka. Sarasvati, aabudiwaye na Wahindu, huabudiwa Japani kwa jina la Benzaiten. Wajapani wana siku za kuzipokea roho za wazee wao, ziitwazo Obon. Wahindu nao hutenga siku za kuwatolea marehemu wao chakula. Na hapa kwetu wazee wa Kigogo walifanya matambiko ya kuomba mvua. Haya pia yafanana, lakini haya ni ibada. Mvua inapokawia katika nchi hii kavu, sisi tuna sala ya kuiomba. Na marehemu wetu twawaombea dua.

Basi, ndugu wazazi, mtoto akiuliza, msimfukuze. Mfundisheni kupima kila alionalo kwa maswali mawili: Je, hili ni ibada au ni mila? Na kama ni mila, je, lina adabu na manufaa? Ibada yetu tumekwisha pewa. Mila njema tuipokee kama mama zetu walivyoipokea kanga, na mbaya tuiache, hata ikiwa ni ya babu zetu. Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Na amchekaye asiyemjua hajaanza kujuana naye.

Wabillahi tawfiq.