Injini ya Motokaa Yetu: Tuifufue au Tuitupe?

Katika mkutano wa wazazi uliofanyika hapa shuleni muhula huu, jambo moja lilizusha maneno mengi kuliko yote, nalo ni motokaa ya shule. Wako waliosema injini yake ifumuliwe na kutengenezwa upya. Wako waliosema ing'olewe kabisa, tufunge mashine nyingine ya dizeli. Mkutano ulikwisha bila kukata shauri, na Bodi ya Shule imeombwa iamue kabla ya muhula ujao. Mimi si fundi, ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu tu. Lakini kwa kuwa nilikuwa mmoja wa waangalizi wa motokaa hiyo, naomba nafasi nitoe maoni yangu.

Yafaa kwanza msomaji ajue motokaa yenyewe. Ni Land Rover ndefu, ya inchi 109, iliyoundwa mwaka 1976. Land Rover za kwanza zilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ndiyo sababu bodi zake zilifanywa kwa aluminiamu. Injini ya hii yetu ni ya petroli, silinda nne, lita 2.25. Masika yanapoharibu njia, ndiyo inayotufikisha hospitali, na wengi wetu tumepata kulala juu ya mabenchi yake tukitetemeka kwa homa.

Muhula uliopita ilizimika njiani usiku, imembeba mwenzetu mgonjwa. Maji yalikuwa yamekwisha katika rejeta, na injini ikachemka mpaka ikakata roho. Mgonjwa alipandishwa juu ya lori la mahindi, akafika salama, Mungu ashukuriwe. Nami sina budi kusema kweli: juma lile zamu ya kutazama maji ilikuwa yangu. Siku mbili mfululizo niliona matone chini ya rejeta, nikadhani ni maji ya kuoshea. Sikumwambia mtu.

Fundi aliyeitwa alipima mgandamizo wa kila silinda, akakuta ni mdogo. Kisha akatia oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena, mgandamizo ukapanda. Alitueleza kuwa hiyo ni dalili ya ringi za pistoni kulika, kwa maana oili huziba kwa muda pale ringi zinapopitisha hewa. Kama kasoro ingekuwa ya valvu peke yake, oili isingeleta tofauti kubwa. Basi injini ilikuwa imechoka hata kabla ya kuchemka.

Wanaotaka mashine mpya wana hoja, wala siwabezi. Dizeli hula mafuta kidogo kuliko petroli, na ina nguvu ya kupanda mlima ikiwa na mzigo. Wametajiwa mashine ya Kijapani ya silinda sita, lita 4.2, iliyotoka katika motokaa iliyopata ajali. Ni mashine nzuri. Lakini wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Mashine ile ni ndefu na nzito kuliko yetu. Itataka vishikizo vipya, kiungo cha kuifunga kwenye giaboksi, rejeta kubwa zaidi, na springi za mbele zenye nguvu. Giaboksi na ekseli zetu zilifanywa kwa nguvu ndogo; zikipewa nguvu nyingi, zitavunjika. Breki nazo ni za ngoma magurudumu yote manne. Je, ni busara kuongeza mbio kabla ya kuongeza breki? Aidha, namba ya injini imeandikwa katika kadi ya motokaa, kwa hiyo hata kadi itabidi irekebishwe.

Kwa upande mwingine, kuifufua injini ya zamani ni kazi inayojulikana. Silinda huchongwa na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Krenki hukerezwa na kupewa beringi za kipimo chake. Kichwa cha injini kikiwa kimepinda, husawazishwa. Ila mnunuzi wa vipuri awe macho: injini za aina hii za kabla ya mwaka 1980 zina beringi kuu tatu za krenki, na zilizofuata zina tano. Asiyejua hayo atarudi na mzigo usiofaa.

Shauri langu, basi, ni hili. Injini ifunguliwe kwanza na kupimwa, ndipo senti moja itumike kununua kitu. Bloki ikiwa nzima na krenki yakereka, tuifufue. Bloki ikiwa imepasuka, tusiilie. Hapo tutafute nyingine, lakini iwe ya ukubwa unaolingana na giaboksi na ekseli zetu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini hata tukiamua vipi, kazi itakuwa bure tukibaki na tabia yetu. Hakuna injini, ya Mwingereza wala ya Mjapani, iwezayo kwenda bila maji na bila kubadilishiwa oili. Naomba liwekwe daftari ndani ya motokaa, na kila asubuhi mwenye zamu aandike kipimo cha maji na oili, na kila tone aliloliona chini, kisha atie sahihi yake. Kama daftari hilo lingekuwako muhula uliopita, ningalazimika kuandika habari za matone yale, na mwenzetu asingalilala njiani.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na aandike, tusome, tuchague lililo bora.